Nilivyompeleka mchungaji kutetea tovuti yangu iliyokataliwa na kampuni za affiliate eti ni ya ngono

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu wote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Sio cha rafiki yangu, sio cha binamu wa jirani. Sijaongeza chumvi hata chembe, na kuna sehemu nimepunguza kwa sababu mke wangu naye ni member humu na lazima atapita kukagua.

Kisa chenyewe kilikaribia kunigharimu huyo huyo mke. Nacheka sasa, siku zile sikucheka.

Ilikuwa miaka ile ya modem, ukiingia internet simu ya nyumbani haipatikani. Mimi na mke wangu Rehema tulikuwa tunaishi Oakdale, Minnesota, apartment ya chumba kimoja, bado hatujapata mtoto. Rehema alikuwa anahudumia wazee kwenye nursing home. Mimi nilikuwa IT kwenye hospitali moja Maplewood.

Nikisema IT msinipe cheo. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za madaktari waliosahau password. Daktari anapasua moyo wa mtu, lakini jina la mbwa wake na mwaka wa kuzaliwa vinamshinda kukumbuka.

Sasa kwenye mikutano ya Watanzania wa Twin Cities, yaani ile miji miwili mikubwa ya Minnesota na vitongoji vyake, mimi nilikuwa mtu wa kuitwa microphone ikigoma. "Amoni yuko wapi? Aje aangalie hii kitu." Nikishatengeneza, narudi kukaa nyuma. Hiyo hali ilikuwa inaniuma kuliko nilivyokuwa naonyesha.

Nikaanzisha tovuti. Niliiita Kijiwe Minnesota. Kulikuwa na matangazo ya misiba, picha za harusi, vyumba vya kupangisha, na safu yangu mwenyewe iliyoitwa Neno la Mhariri, ambamo nilitoa ushauri kuhusu mambo mazito kama matairi ya theluji. Juu kabisa niliweka picha yangu nikiwa nimevaa tai na nimeshika kidevu.

Hapo anaingia Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni mama wa Tanga, alikuwa anafanya kazi kwenye warehouse kule Shakopee, kupanga maboksi. Lakini kwa kina mama wa Kiswahili alikuwa mtu mkubwa, maana ndiye aliyekuwa somo wao. Kwa wasiojua, somo ndiye mama anayemfunda bibi harusi mambo ya ndoa, wanaume mkiwa mmefukuzwa mbali. Rehema ametoka Muheza, na kabla ya harusi yetu alifundwa na Bi Mwanaidi huyo huyo.

Tatizo ni kwamba mabinti walikuwa wametawanyika. Mmoja yuko Rochester, mwingine Fargo, na Bi Mwanaidi barafu ikianza tu haendeshi gari, hata umlipe. Rehema akapata wazo: somo atoe mafunzo kwa simu, yeye ayaandike, mimi niyaweke kwenye Kijiwe. Na mwenye swali atume, ajibiwe.

Nilikubali bila kufikiri. Bi Mwanaidi akanipigia simu kunipa masharti.

"Baba, hayo ni ya wanawake. Wewe tufungulie mlango tu, usichungulie."

Nikamwapia. Na nawaambia ukweli wakuu, sikuchungulia. Rehema alikuwa ananipa faili kwenye diski, mimi naipandisha kama ilivyo, bila kuifungua. Nilikuwa naona huo ndio ustaarabu. Hata kuweka password kwenye ukurasa huo nilikataa, kwa sababu nilijua kina mama watazisahau na nitaanza kupokea simu nyumbani kama ninazopokea kazini.

Kitu kimoja tu nilikifanya, na naomba mkikumbuke maana ndicho kilichonimaliza.

Siku hizo ukitaka search engine zikuone, unajaza keywords kwenye kila ukurasa, maneno yanayofichwa nyuma ambayo msomaji hayaoni. Nikamuuliza Rehema, huo ukurasa wenu unahusu nini kwa ujumla? Akasema, mambo ya chumbani. Basi mimi mtaalamu nikaketi nikajaza keywords kwa Kiingereza. Nikaweka bedroom. Nikaweka secrets. Nikaweka African women, massage, hot, night, body, oil. Kila neno lililonijia nililiweka, mengine nikayarudia ili yakolee.

Hit counter ikapaa. Nilikuwa napata wageni kutoka Brazil, Poland, Uturuki. Mimi nikajua dunia imeanza kuyaelewa matairi ya theluji. Nikaanza kuandika Neno la Mhariri kwa Kiingereza pia, ili nisiwatupe hao ndugu wa Poland.

Kumbe maskini walikuwa wanatafuta mambo yao, wanakutana na Kiswahili cha Tanga.

Basi nikasikia habari za affiliate. Unaweka link ya duka kwenye tovuti yako, mtu akipita hapo akanunua, duka linakupa commission. Kwa wageni niliokuwa nao nikajiona nimeshatoka kimaisha. Nikamwambia Rehema kwamba kufika summer nitakuwa nimeaga hospitali. Akasema haya.

Nilitakiwa kuishtukia hiyo "haya". Rehema ni mtu wa maneno, akisema haya peke yake ujue kuna jambo. Wiki hizo alikuwa ameshakata tiketi ya kwenda kwao, peke yake, na tarehe ya kurudi kaiacha wazi. Nilimuuliza mbona hujaweka tarehe, akasema anataka kupumzika. Mimi nikaona ni vizuri, apumzike, nami nitapata nafasi nzuri ya kushughulikia tovuti.

Ndiyo, niliwaza hivyo kwa kichwa changu hiki hiki.

Nikaanza ku-apply. Wa kwanza walikuwa wauza kadi za simu. Nilijua hao hawawezi kunikataa, Watanzania tunapiga simu nyumbani kama tunagombana na kampuni. Jibu likaja fupi: wanashukuru kwa kuvutiwa nao, ila hawapokei watangazaji kutoka tovuti za watu wazima.

Kwa Kimarekani hilo ni jina la heshima la tovuti za ngono. Hilo nalijua, nimesoma.

Nikajua wamekosea, wamenichanganya na mtu. Nika-apply kwa wauza tiketi za ndege. Wakakataa, sababu ile ile. Nikaenda kwa wauza maua, watu wapole kabisa wa maua. Nao wakakataa.

Wakuu, mimi ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya tatu. Nilihisi nimevuliwa nguo.

Nikaanza kusafisha tovuti. Nikatoa picha ya harusi ambayo msimamizi alikuwa na gauni la kuacha mgongo. Nikatoa picha ya mtoto wa watu akiogeshwa kwenye beseni. Nikatoa hadi tangazo la saluni. Nilipitia kila ukurasa, nikachambua kama mchele, isipokuwa ule mmoja. Ule niliapa kutochungulia, na mimi nikiapa nimeapa.

Nika-apply kwa kampuni nyingine, ya hapo hapo Twin Cities, wanauza sufuria na mashuka kwenye mtandao. Wakakataa pia. Ila hawa kwa kuwa walikuwa jirani niliwapigia simu. Nikaongea kwa uchungu mpaka nikachanganya lugha. Mama aliyepokea, aliyekuwa anasimamia hiyo program yao, jina lake Linda, akasema kwa upole wa Minnesota kwamba kama nina maelezo nifike ofisini tuongee.

Sasa hapa ndipo Utanzania uliponiponza.

Sisi nyumbani ukitaka kufungua akaunti ya benki unaenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ukitaka kuoa unatanguliza wazee. Ukishtakiwa jambo huendi peke yako, unakwenda na mtu mzima wa kusema "huyu kijana namfahamu". Mimi nikaona hawa Wazungu wanachohitaji ni mdhamini.

Nikaenda na mchungaji wetu.

Mchungaji wa ibada yetu ya Kiswahili ni mzee wa Kihaya ambaye anavaa suti hata kwenye barbecue. Nilipomweleza kwamba nimechafuliwa jina alikasirika kuliko mimi. Akaandika barua ya utambulisho, akaigonga muhuri wa kanisa. Nami nikavaa ile tai ya kwenye picha. Tukaingia kwenye Corolla yangu kama tunaenda kuchumbia.

Rehema nilimuaga asubuhi hiyo nikiwa mlangoni. Alikuwa kaweka begi lake kubwa katikati ya sebule, anapanga zawadi za kwao. Nikalivuka.

Ofisini tulipokelewa vizuri, kahawa na vikeki. Linda alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Mchungaji akasimama, akajitambulisha, akatoa barua kwa mikono miwili, akasema huyu kijana anamfahamu, ana ndoa takatifu aliyoifungisha mwenyewe, na tovuti yake ni ya jamii. Alimaliza kwa kuwaombea heri.

Linda alisoma barua yote. Nadhani hajawahi kupokea kitu kama kile katika kazi yake. Akasema anaheshimu sana, ila anaomba tutazame kitu kimoja. Akageuza kompyuta kwetu.

Zilikuwa ni keywords zangu. Zote, moja baada ya nyingine, na yale niliyorudia ili yakolee.

Mchungaji akavaa miwani. Akasoma taratibu, kwa midomo, kama anavyosoma Waraka. Alipofika kwenye oil akaivua.

Nikaanza kujieleza kwamba hizo ni mbinu za kitaalamu, na kwamba ukurasa wenyewe ni mafunzo ya ndoa. Linda akasema ndiyo maana hawakuhukumu kwa keywords tu. Ofisini kwao wana mfanyakazi wa uhasibu anayejua Kiswahili, walimwomba ausome, naye ndiye aliyesema wakatae.

Akaitwa. Akaingia dada wa Kikenya, Wambui, mtu wa kanisa naye, unamwona tu. Alipoona kola ya mchungaji akasimama pale pale.

Linda akamwomba atafsiri kidogo, ili tuelewe tatizo liko wapi. Wambui akasogea kwenye kompyuta, akateremsha ukurasa. Akateremsha tena.

"Aki mimi siwezi soma hii mbele ya pastor," akaniambia kwa Kiswahili. "Wewe hukusoma kabla uiweke?"

Nikamwambia sijausoma, ni wa wanawake. Akanitazama kwa huruma ambayo hadi leo naikumbuka.

Mimi sikukubali kushindwa. Nikamwambia lazima kuna kitu humo cha adabu, chochote, hata kimoja, amsomee Linda ajue ni jambo la heshima. Nilimsihi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wambui akatafuta, akafika chini kabisa kwenye maswali.

"Okay, hii iko sawa. Hii ni swali ya mtu."

Akaisoma kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, ili sote tusikie. Naiandika kama nilivyoisikia.

"Somo, mimi ni mama wa Oakdale. Mume wangu akirudi kazini anasalimia kompyuta kabla yangu. Yote uliyonifundisha nimeyafanya. Nimefukiza udi, nimepika, nimejipamba. Juzi nimevaa ile kanga aliyoninunulia mwenyewe nikapita mbele yake, akaniambia nisiguse simu nitamkatia internet. Tangu theluji ianze naishi na mgongo wake. Nifanye nini?"

Watanzania wa Oakdale siku hizo tungetosha kwenye gari moja, na aliyeoa nilikuwa mimi peke yangu.

Na ile habari ya simu niliikumbuka. Nilikumbuka sauti yangu. Kanga sikuikumbuka kabisa, wakuu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Wambui alikuwa bado hajashtuka, akaendelea na jibu la Bi Mwanaidi.

"Mwanangu, hapo hakuna kosa lako. Kata tiketi uende kwa mama yako ukapumzike, tarehe ya kurudi usiweke. Akikufuata, rudi naye. Asipokufuata, umeshajua."

Akaitafsiri na hiyo kwa Kiingereza. Linda alinitazama, akatazama ile barua ya kanisa, akanitazama tena. Nadhani uso wangu ulikuwa umeshatafsiri.

Linda akasema taratibu kwamba hiyo sehemu hata yeye haoni kama ni chafu, na kama ni hiyo tu angeweza kunikubali. Wambui akamkatiza kwamba hapana madam, zile za juu ni adult, very adult. Linda akasema basi, nikiuondoa huo ukurasa pamoja na keywords atani-approve wiki hiyo hiyo.

Nilichokuwa nakililia miezi yote nikapewa pale mezani, na kahawa juu.

Nikasema asante, nitafikiria. Mchungaji akanishika bega.

"Amoni, twende nyumbani. Wewe hasa, nenda nyumbani."

Njiani hakuhubiri. Nilitamani angehubiri. Aliniuliza swali moja tu, Rehema anasafiri lini, nikamwambia Ijumaa. Akasema mke wake alikuwa anamuulizia huyo mama wa Oakdale kila ukurasa ukitoka, anaendeleaje, kama mtu anayefuatilia mchezo wa redio. Mchungaji mwenyewe hakuwa anajua ni nani.

Kwa hiyo kina mama wote wa Minnesota walikuwa wanaifuatilia ndoa yangu, kwenye tovuti yangu, niliyoipandisha kwa mikono yangu. Asiyeisoma nilikuwa mimi na hao ndugu wa Poland.

Nilipoingia ndani Rehema alikuwa amekaa chini, anapima begi lake kwa mizani ya bafuni. Hakuinua kichwa.

"Wamekataa tena?"

Nikamwambia wamekataa. Akauliza safari hii wamesemaje. Nikakaa chini upande wa pili wa begi, tai shingoni, nikamwambia wanasema nina tovuti ya mambo ya chumbani.

Hapo akaniangalia. Aliniangalia sana.

"Chumbani kwa nani, Amoni?"

Fikirini wenyewe. Nchi nzima ya Marekani imenikataa kwa mambo ambayo nyumbani kwangu hayakuwepo tangu theluji ianze.

Akaanza yeye kucheka. Sio kicheko cha furaha, kilikuwa cha mtu aliyechoka, na katikati yake machozi yakamtoka. Nami nikalia, sioni aibu kuandika. Nikamwambia nimesikia swali la mama wa Oakdale. Akauliza umesoma? Nikasema nimesomewa, mbele ya mchungaji. Akajifunika uso kwa kanga aliyokuwa anaikunja.

Nikamwomba asisafiri. Akasema tiketi haibadilishwi, na mama yake anamsubiri, na hata ingebadilishwa asingebadilisha. Hakusema kwa hasira. Nikamuuliza kama bado ananitaka, akasema hilo atalijibia Muheza.

Ijumaa nilimpeleka airport. Jumatatu nikaingia kwa bosi wangu kuomba likizo. Akasema tuna mfumo mpya unaingia, haiwezekani. Mimi yule niliyekuwa natangaza kuacha kazi kwa sababu ya affiliate, nikajikuta naiacha kwa sababu ya mke. Madaktari wakabaki na mbwa wao.

Nilifika Muheza na begi dogo, na yeye ndiye aliyenifungulia mlango. Kilichoendelea baada ya hapo mkaguzi wangu hataruhusu kiandikwe, lakini mtoto wetu wa kwanza hesabu yake inaanzia huko.

Kwa Linda sikurudi. Ukurasa wa Bi Mwanaidi sikuuondoa, niliondoa keywords zangu tu, na ndugu wa Poland wakapotea siku hiyo hiyo. Nikabaki na wasomaji wangu halisi, kina mama kama arobaini hivi. Neno la Mhariri nalo nililifunga, na hakuna hata mmoja aliyeuliza limekwenda wapi.

Funzo wakuu. Vijana mnaoanza affiliate, mkikataliwa msikimbilie kusema ni ubaguzi, wala msitafute mdhamini. Wale watu walinipa sababu ya kweli tangu siku ya kwanza, ila nilikagua nyumba nzima nikaacha chumba kimoja. Na kama kuna mtu anapita mbele yako sasa hivi wakati unasoma uzi huu, inua kichwa, sisi tutakusubiri.

Karibuni mchangie, hata matusi nimezoea. Ila nina ombi kwa wanaume wa Twin Cities wa miaka ile: mliokuwa mnasikia wake zenu wakimzungumzia mama wa Oakdale mkanyamaza, jitokezeni hapa chini. Halafu nendeni mkawaulize, kwa adabu, mama wa Brooklyn Park alikuwa nani, na mama wa Burnsville, na yule wa Eagan aliyeandika mara nyingi kuliko wote.

Ukurasa bado upo hewani. Mimi nimeshausoma.